Divisheni One haikutosha: Mzazi wa mpakani na foleni ndefu ya udaktari

Na Mwandishi Wetu wa Masuala ya Kanda

SIRARI. Mwezi Julai ukifika, wafanyabiashara wa mpaka huu wa Sirari na Isebania huwa na mambo mawili kichwani. La kwanza ni bei ya mahindi upande wa pili. La pili ni matokeo ya Kidato cha Sita.

Mwaka ninaouzungumzia, matokeo yalitoka mchana. Mama yangu alikuwa ameketi juu ya gunia la dagaa akisubiri gari la kwenda Migori. Mdogo wangu wa kike alikuwa ameinamia simu. Alipoinua uso akasema kwa sauti ndogo, "Mama, nimepata One ya saba."

Mama akapiga vigelegele. Wanawake wenzake wa dagaa wakaitikia, na wa mitumba wakaja kuuliza kuna nini. Kabla jua halijazama, nusu ya soko ilikuwa inamwita mdogo wangu "Daktari."

Majibu ya awamu ya kwanza ya maombi ya vyuo yalipotoka, jina lake halikuwamo katika chuo chochote kati ya vitatu alivyoomba.

Naandika habari hii kwa sababu kazi yangu hunipitisha Namanga, Holili, Mutukula, Rusumo na Busia, na kila mahali nakutana na mzazi mwenye hadithi inayofanana na yetu. Mtoto amefaulu vizuri, familia imeshasherehekea, kisha mlango wa udaktari umefungwa. Hapo ndipo fedha ya mtaji inapoanza kutembea bila mpango.

Sifa ya kuomba si nafasi

Kosa letu la kwanza lilikuwa kuchanganya mambo mawili. Kuna sifa za chini za kuomba, halafu kuna ushindani wa kupata.

Tanzania, anayetaka kusomea udaktari wa binadamu akitokea Kidato cha Sita anapaswa kuwa amefaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia, yaani tahasusi ya PCB. Sifa hizo za chini huchapishwa na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) katika kitabu cha mwongozo kila mwaka. Mzazi akisoma kitabu hicho na kuona mtoto amevuka kiwango, huamini kazi imekwisha.

Kumbe kuvuka kiwango ni kuingia kwenye foleni tu. Vyuo huwapanga waombaji kuanzia mwenye alama za juu, na nafasi zikijaa foleni inakatwa hapo ilipofika.

Jambo jingine lililotuchanganya ni hesabu yenyewe. Kwenye matokeo ya Baraza la Mitihani (NECTA), namba ndogo ndiyo nzuri. A ni 1, B ni 2, C ni 3, na Divisheni One huanzia 3 hadi 9. Mdogo wangu alikuwa na B mbili na C moja, ikawa 7. Lakini upande wa vyuo hesabu hugeuzwa. A huwa 5, B huwa 4, C huwa 3. Kwa mzani huo alikuwa na alama 11 kati ya 15. Sokoni tuliona One. Chuoni waliona kuna watoto wengi wenye 13, 14 na 15 mbele yake.

Vyuo vyote vitatu alivyojaza vilikuwa vya majina makubwa. Hakuna aliyetuambia kwamba tumepakia mzigo wote kwenye lori moja.

Kwa nini nafasi ni chache

Mfanyabiashara anajua kwamba bidhaa ikitafutwa sana, anayeiuza huongeza mzigo. Kwa nini vyuo visiongeze viti?

Jibu ni kwamba daktari hafundishwi ukumbini peke yake. Miaka ya mwanzo anahitaji maabara na miili ya kujifunzia anatomia. Miaka ya mwisho anafundishwa kando ya kitanda cha mgonjwa, mwalimu bingwa akiwa na kikundi kidogo. Chuo kikipokea wanafunzi wengi kuliko vitanda, wodi na walimu walionao, kinatoa madaktari ambao hawajagusa wagonjwa wa kutosha. Ndiyo maana wasimamizi wa taaluma hii huangalia hospitali ya kufundishia kabla ya kuruhusu idadi ya wanafunzi.

Pia ukanda wetu ulianza na shule chache mno. Shule ya udaktari ya Makerere, Kampala, ilianza mwaka 1924, na kwa miongo kadhaa ndiyo iliyopokea vijana wa Uganda, Kenya, Tanganyika na Zanzibar. Dar es Salaam ilianza kufundisha madaktari mwaka 1963, katika chuo ambacho leo kinaitwa MUHAS, na Nairobi ikafuata mwaka 1967. Baadaye zikaongezeka Eldoret, Mbarara, Moshi, Mwanza, Dodoma, Gulu na kwingineko. Lakini idadi ya vijana wanaomaliza sekondari imekwenda mbio kuliko wodi.

Kila nchi na mzani wake

Kwa kuwa wasomaji wa gazeti hili wana watoto pande zote za mpaka, ni vizuri kujua mizani inavyotofautiana.

Kenya, mwanafunzi huingia chuo kikuu kwa matokeo ya KCSE, na nafasi hugawanywa na bodi ya KUCCPS. Wastani wa C+ ndio mlango wa kawaida wa shahada, lakini udaktari hugawanywa kwa pointi za masomo maalumu, ambazo kilele chake ni 48. Mwombaji anaweza kuona pointi za mwisho zilizochukuliwa mwaka uliotangulia katika kila chuo. Hiyo ni taarifa ya thamani kubwa, na mzazi asimwache mtoto kujaza fomu bila kuitazama. Shahada yenyewe huchukua miaka sita.

Uganda, vyuo vya umma hupima matokeo ya UACE kwa uzito. Somo la lazima kwa kozi husika hubeba uzito mkubwa kuliko somo la nyongeza, kwa hiyo wawili wenye jumla moja wanaweza kutofautiana nafasi kwa sababu mmoja alipata A kwenye Baiolojia na mwingine kwenye somo la pembeni. Tangu mwaka 1990 Makerere imekuwa ikiwaongezea waombaji wa kike pointi 1.5, hatua iliyolenga kupunguza pengo kati yao na wavulana. Shahada huchukua miaka mitano.

Rwanda ina Chuo Kikuu cha Rwanda, na huko Butaro, kaskazini mwa nchi, kipo Chuo Kikuu cha Global Health Equity, kilichoanzishwa mwaka 2015 na shirika la Partners In Health. Mwaka 2023 serikali ya nchi hiyo ilitangaza mpango wa kuongeza wahudumu wa afya mara nne ndani ya miaka minne. Kwa mtoto anayejua Kiingereza vizuri, ni upande wa kuutazama.

Burundi na Kongo hufundisha kwa Kifaransa, na mzazi wa Kigoma au Bukavu asiidharau njia hiyo. Daktari Denis Mukwege, mzaliwa wa Bukavu aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, shahada yake ya udaktari aliisomea Burundi. Alivuka mpaka, akasoma, akarudi kutibu watu wa kwao.

Dalali wa nafasi

Nyumbani kwetu, baada ya awamu ya kwanza kukosa, wiki mbili zilipita bila mtu kula vizuri. Mdogo wangu alikuwa haendi sokoni kwa sababu kila anayepita anauliza, "Daktari, unaripoti lini?"

Ndipo akatokea mtu. Alivaa vizuri, alikuwa na vipeperushi vya chuo cha nchi jirani, na alimwita mama yangu "Mama Daktari." Akasema nafasi zipo, zimebaki tatu, na ya kwetu inaweza kushikiliwa kwa shilingi milioni mbili. Mama alituma 600,000 kwanza kwenye namba ya simu ya yule mtu. Ilikuwa fedha ya mzigo wa dagaa. Alikusudia kunishtukizia mimi na mdogo wangu kwa habari njema.

Siku ya tatu namba ikawa haipatikani. Chuo kilipopigiwa simu kupitia namba iliyo kwenye tovuti yake, walisema hawamjui mtu huyo.

Mama yangu hanunui mchele bila kuchoma bambo kwenye gunia. Akipewa noti huielekeza kwenye mwanga kabla ya kuifungia kwenye kanga. Nilimuuliza ilikuwaje. Alinijibu, "Mwanangu, kwenye mchele nina macho. Kwenye mambo ya chuo nilikuwa na aibu." Alikuwa na aibu ya vigelegele alivyopiga.

Nimemweleza habari hii kwa idhini yake. Alisema niiandike, kwa sababu wenzake wengi wamepigwa na hawasemi.

Choma bambo kabla ya kuvuka

Kusoma nchi jirani si jambo baya. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inamtambua mwanafunzi anayevuka mpaka, na mwaka 2017 wakuu wa nchi zetu walitangaza jumuiya kuwa eneo la pamoja la elimu ya juu. Mabaraza ya madaktari ya nchi wanachama pia yamekuwa yakifanya ukaguzi wa pamoja wa shule za udaktari. Lakini tangazo la wakuu halimwondolei mzazi kazi ya kukagua mzigo. Yapo maswali matano ya kuuliza kabla ya kutuma hata senti moja.

Kwanza, je, chuo kina ithibati, na kozi ya udaktari yenyewe inatambuliwa? Chuo kinaweza kuwa halali kwa uhasibu na kisiwe halali kwa udaktari. Swali hili huulizwa kwa mamlaka ya vyuo ya nchi hiyo, TCU kwa Tanzania, CUE kwa Kenya, NCHE kwa Uganda, na kwa baraza la madaktari.

Pili, je, baraza la madaktari la nchi yako litamsajili mtoto akirudi? Mabaraza hayaangalii shahada peke yake. Yanaweza kurudi nyuma hadi alama za sekondari, na kudai mtihani kabla ya mafunzo ya utarajali. Mtoto aliyepokelewa ng'ambo kwa alama ambazo nchi yake haizikubali anaweza kumaliza miaka mitano au sita na kukwama mlangoni.

Tatu, je, vyeti vinalingana? Aliyemaliza KCSE Kenya hana Kidato cha Sita, hivyo chuo cha Tanzania au Uganda kinaweza kumtaka cheti cha ziada. Aliyesoma nje na anataka kuomba Tanzania hupeleka cheti chake NECTA kupata ulinganifu. Mtanzania anayekwenda kusoma nje naye aanzie TCU, ambako hutolewa hati ya kutokuwa na pingamizi.

Nne, je, ada ni ya Mwana-Afrika Mashariki au ya mgeni? Vyuo vingine vina orodha mbili za ada. Omba orodha ya maandishi ya miaka yote, pamoja na gharama za mitihani, bima, vifaa na kibali cha mwanafunzi. Kisha ijumlishe kwa fedha ya nchi unayolipia, si ya kwako, maana shilingi zetu hazisimami mahali pamoja kwa miaka mitano. Hilo halihitaji mwalimu kwa mtu anayebadilisha fedha kila siku.

Tano, je, fedha inaingia wapi? Iende kwenye akaunti ya chuo na risiti irudi yenye jina la mtoto. Namba ya simu ya mtu binafsi si ofisi ya udahili.

Ngazi ya pili

Awamu ya pili ya maombi ilipofunguliwa tulikuwa tumepata akili kidogo. Mdogo wangu akajaza vyuo vya aina tofauti, kimoja cha ndoto, kimoja cha katikati na kimoja ambacho alama zake zilitosha bila shaka. Chuo kimoja binafsi kikampokea kusomea udaktari.

Tukafurahi siku moja. Ya pili tukahesabu ada. Mzigo wa dagaa uliopotea ulikuwa umeacha pengo, na mkopo hatukuwa tumeomba. Tulijiambia kwamba Bodi ya Mikopo (HESLB) ni ya watoto wa maskini, na mama ana biashara. Dirisha la mkopo lilikuwa limeshafungwa. Mzazi unayesoma haya, mwombe mtoto ajaze fomu za mkopo dirisha likiwa wazi, hata kama hujajua chuo. Kukataliwa hakugharimu kama kutokuomba. Kenya ipo HELB, Uganda nayo ina mikopo ya wanafunzi, na Tanzania tangu mwaka wa masomo 2022/23 upo ufadhili wa Samia kwa wanaofanya vizuri zaidi katika sayansi.

Mbele yake zilibaki njia tatu. Kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea na kutafuta alama za juu. Kuchukua shahada nyingine ya afya, kama uuguzi, famasi au maabara. Au kusomea stashahada ya utabibu, miaka mitatu, kisha kuomba udaktari kwa njia ya ulinganifu.

Alichagua ya tatu. Tulimpinga. Ukoo uliona ni kushuka, kwamba One haipaswi kwenda kusoma na waliotoka Kidato cha Nne. Yeye akasema anataka kugusa mgonjwa mapema, na kwamba akiwa na cheti mkononi anaweza kufanya kazi huku anasubiri. Tanzania, mwenye stashahada ya utabibu anaweza kuomba shahada ya udaktari akiwa na GPA isiyopungua 3.0, pamoja na ufaulu wa masomo ya sayansi, Hisabati na Kiingereza katika Kidato cha Nne. Kwa hiyo matokeo ya Kidato cha Nne hayatupwi. Mtoto aliyechezea Fizikia akiwa na miaka 16 anaweza kukutana nayo tena akiwa na 25.

Kenya njia kama hiyo hupitia vyuo vya KMTC, ambavyo vimesambaa hadi miji mingi ya mipakani. Afisa wa kliniki anaajirika, na wengine huendelea hadi shahada.

Hata aliyepita, foleni ipo

Lipo jambo ambalo wazazi hatuambiani. Kuingia chuo cha udaktari siyo mwisho wa kusubiri. Mhitimu anahitaji mwaka wa utarajali hospitalini kabla ya kupata usajili kamili, na nafasi za utarajali nazo hugombewa. Mwaka 2024 madaktari wa Kenya waligoma kwa siku 56, na moja ya hoja kuu ilikuwa kupangiwa vituo na kulipwa kwa madaktari tarajali. Baada ya utarajali kuna kusubiri ajira. Nchi zetu zina uhaba wa madaktari katika vituo, na wakati huohuo zina madaktari wasio na kazi, kwa sababu anayeajiri ni bajeti, si ugonjwa.

Simwambii mtu amkatishe mtoto tamaa. Nasema familia ijue safari nzima, kama msafirishaji anayejua vizuizi vyote hadi sokoni, siyo cha kwanza tu.

Mtoto mwenyewe

Mwisho, kuna hasara isiyoandikwa kwenye daftari la biashara. Mdogo wangu aliniambia miaka mingi baadaye kwamba kilichomwumiza zaidi siyo barua ya chuo, ni kupita sokoni. Alikuwa na umri wa miaka 19 na alijiona amewaibia watu vigelegele vyao.

Tungejua, tungefanya mambo machache kwa namna nyingine. Tungesherehekea matokeo bila kutangaza cheo. Tungekaa naye kabla ya matokeo na kuuliza, "Ikikosekana hii, tunafanya nini?" ili njia ya pili iwe mpango na siyo adhabu. Tungemwacha apumzike wiki chache bila kumlinganisha na mtoto wa jirani. Na tungemsikiliza. Wapo watoto wanaosoma PCB kwa sababu baba anataka daktari, na kukosa nafasi kwao ni nafuu wanayoogopa kuisema. Mtoto akiacha kula, akijifungia au akisema maisha hayana maana, hilo si suala la udahili tena. Apelekwe kwa mtaalamu wa afya siku hiyohiyo.

Leo mdogo wangu ni tabibu katika zahanati isiyo mbali na mpaka. Anapokea wagonjwa wa pande zote mbili, na homa haimuulizi mtu kitambulisho. Mwaka huu ameomba udaktari kwa stashahada yake, na safari hii mkopo ameomba mapema. Majibu bado.

Mama anaendelea na dagaa. Wazazi wenzake humfuata wakiwa na vipeperushi vya vyuo, naye huvikunjua juu ya gunia na kuuliza maswali yale matano moja baada ya jingine, kwa sauti ambayo dalali yeyote aliye karibu ataisikia.

Sokoni bado wanamwita mdogo wangu Daktari. Zamani jina lile lilimfanya abadili njia. Siku hizi huitika, kwa sababu anayemwita mara nyingi amembeba mtoto mwenye homa.